Eksirei ya kitandani: maswali ya wodini na majibu yake

Mashine ya eksirei yenye magurudumu huletwa wodini kwa mgonjwa asiyeweza kupelekwa chumba cha mionzi: aliye kwenye oksijeni, aliyevunjika nyonga, mtoto njiti. Maswali haya yanasikika katika wodi za Nyanda za Juu Kusini, Mbeya hadi Iringa.

Jirani yangu wa kitanda anapigwa picha. Nikimbie?

Usikimbie, sogea tu. Chumba cha eksirei kina kuta zilizojengwa kuzuia mionzi. Wodini hazipo, kwa hiyo ukuta wako ni umbali. Mwale hutoka kwenye mashine kuelekea kwa mgonjwa, na sehemu yake ikigonga mwili hutawanyika pande zote. Hiyo iliyotawanyika ndiyo inayowahusu ninyi wengine. Mita moja kutoka kwa mgonjwa, ni takriban sehemu moja ya elfu ya iliyomwingia yeye. Mita mbili, inapungua mara nne. Mita tatu, mara tisa. Ndiyo maana mteknolojia, yaani mpiga picha wa eksirei, husema "sogeeni" kabla ya kubonyeza, na waya wa kitufe chake ni mrefu. Asiyeweza kuinuka kitanda cha pili abaki amelala. Vitanda vikibanana, kazi ya kuhakikisha mwale haumlengi jirani ni ya mteknolojia, si ya mgonjwa.

Tulisahau ndizi na chupa ya chai kando ya kitanda. Vinafaa kuliwa?

Kuleni. Kitufe kikiachiwa mionzi imekwisha, kama taa iliyozimwa. Haibaki kwenye chakula, kwenye shuka wala mwilini. Na mashine iliyoegeshwa koridoni haitoi chochote.

Picha moja ya kifua ina mionzi kiasi gani?

Kwa mtu mzima, takriban milisiviti (kipimo cha mionzi inayopokelewa na mwili) 0.02 hadi 0.1. Ardhi, anga na chakula humpa binadamu wastani wa milisiviti 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo picha hiyo ni sawa na siku chache, au wiki mbili hivi, za kuishi tu. Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mionzi ya angani ni mingi kidogo kuliko Dar es Salaam, na sijasikia mtu aliyehama kwa sababu hiyo.

Kwa nini nivuliwe koti na baridi yote hii?

Mwezi wa Julai, Makete au Mufindi, swali hili ni la haki. Lakini zipu, vifungo, hirizi na mkufu hutia kivuli juu ya mapafu, na picha ikiharibika inarudiwa: mionzi mara mbili kwa jibu moja. Kwangu mimi, picha za kurudia ndizo za kupigiwa kelele wodini. Vua, vuta pumzi ukiambiwa, ibane, usitikisike, kisha jifunike. Blanketi lenyewe, hata liwe zito vipi, halizuii mionzi.

Nina mimba ya miezi minne na namuuguza mama mkwe.

Dada, mwambie mteknolojia mapema, kisha toka nje dakika hizo. Mita kadhaa zingetosha, ila hakuna sababu ya mtoto kupokea hata kidogo pasipo faida. Ukiwa mgonjwa ni wewe na daktari anahitaji picha ya kifua, usikatae kwa hofu. Mwale unalenga kifua, kinachofika tumboni ni kidogo mno. Nimonia iliyoachwa ni hatari zaidi kwenu wote wawili.

Mtoto hatulii. Nani amshike?

Mzazi au ndugu asiye mjamzito, amevaa aproni ya risasi (metali nzito inayozuia mionzi), mikono yake ikiwa nje ya eneo linalopigwa. Si muuguzi yuleyule kila siku, maana kidogo kidogo hujilimbikiza.

Mimi ni muuguzi ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na mashine inakuja kila siku.

Kikomo cha mfanyakazi wa mionzi ni milisiviti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Kwa raia ni 1. Ukisogea kila mara, utabaki chini kabisa. Wenzako wa mionzi huvaa beji zinazosomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Beji inahesabu, haikingi. Aproni itundikwe, isikunjwe, kwani risasi hupasuka ndani bila kuonekana. Nyingi hufunika mbele tu: ukigeuka kurekebisha dripu, mgongo uko wazi.

Nachimba dhahabu Chunya. Wakija kupima TB kwa mashine ndogo, nipige tena?

Piga, kaka. Vumbi la mawe huchosha mapafu na kuongeza hatari ya TB, kwa hiyo picha yako ina sababu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali programu ya kompyuta isome picha hizo za uchunguzi kwa wenye miaka 15 na zaidi. Angalia mambo mawili: mashine ikae kwenye stendi badala ya kushikwa mkononi inapowezekana, na foleni isimame mbali, upande ambao mwale hauelekei. Doa likionekana si uthibitisho wa TB, utaombwa makohozi yapimwe.