Je, wajua kwa nini adhana haimchoshi mtu wa kompyuta kama mlio wa simu?

Mtengeneza programu wa Dar es Salaam au Mombasa hukatizwa kutwa nzima. Ujumbe wa kikundi cha kazi unaingia, barua pepe ya mteja inafuata, arifa inatokea pembeni mwa skrini kusema seva, ile kompyuta inayoendesha mfumo, imelemewa, meneja anaitisha kikao cha ghafla. Ikifika saa kumi na moja jioni amechoka hoi, na ukimuuliza leo amefanya nini hasa, anababaika. Lakini siku hiyohiyo muadhini naye amemkatiza, adhuhuri na tena alasiri, na wengi wanaoinuka kuswali watakuambia kwamba nyakati hizo mbili ndizo zilizowatuliza. Mkatoliki aliyezoea kusali Malaika wa Bwana saa sita mchana atakuambia vivyo hivyo. Kote ni kukatizwa. Kwa nini huku kunaharibu siku na kule kunaitengeneza?

Tuanze na simu. Mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake wawili kutoka Berlin walichapisha matokeo ya jaribio ambalo lilikwenda kinyume na matarajio. Waliokatizwa katikati ya kazi hawakuchelewa. Walimaliza haraka kuliko walioachwa watulie, na kazi yao haikuwa mbovu zaidi. Walichokilipa ni kingine: msongo mkubwa zaidi, kukereka, na hisia ya kukimbizwa na muda. Hapo ndipo waajiri wengi wa sekta yetu wanapokosea hesabu. Kazi imetoka kwa wakati, basi wanaona hakuna kilichopotea. Kilichopotea ni raha ya mtu aliyeifanya, na ripoti ya wiki haina safu ya kuandikia hilo.

Mwaka uliofuata mtafiti Sophie Leroy akaeleza upande mwingine wa tatizo. Ukiiacha kazi kabla haijaisha ukashika nyingine, sehemu ya akili hubaki kwenye ile ya kwanza. Macho yanasoma barua ya mteja, fikra bado ziko kwenye msimbo, yale maandishi ya programu. Na akili iliyogawanyika ni nadra kufurahi. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walitumia programu ya simu kuwauliza watu wazima 2,250, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini, wanawaza nini na wanajisikiaje. Katika asilimia 46.9 ya majibu, mtu alikuwa akiwaza jambo tofauti na lile alilokuwa akilifanya, na nyakati hizo furaha yake ilikuwa pungufu. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2010 katika jarida la Science. Lililonigusa zaidi ni hili: alichokuwa akikiwaza mtu kilieleza furaha yake vizuri kuliko alichokuwa akikifanya.

Sasa mtazame anayeswali. Kwanza, alijua. Ratiba ya nyakati za swala ya mwaka mzima inajulikana tangu Januari, na huku kwetu karibu na ikweta adhuhuri haisogei mbali sana na saa sita na nusu, iwe Juni au Desemba. Simu humvizia mtu, adhana humkuta akiingojea. Anaweza kuipanga asubuhi yake kuelekea hapo.

Pili, na kwangu hili ndilo kubwa, haimletei kazi mpya. Nyuma ya kila arifa yupo mtu anayetaka umfanyie kitu, kwa hiyo orodha inarefuka. Adhana haiongezi hata mstari mmoja kwenye orodha hiyo. Inamtoa mtu kwenye orodha yote kwa muda. Anakwenda kutawadha: maji usoni, mikononi hadi viwikoni, kichwani, miguuni. Macho yaliyoganda kwenye skrini tangu asubuhi yanapata kuona mbali. Mgongo uliopinda unarukuu, unasujudu, unanyooka. Kisha anatoa salamu kulia na kushoto, na jambo limekwisha. Sisi ambao leo tunatoa toleo moja la programu na kesho tunadaiwa jingine, vitu vyenye mwanzo na mwisho vinavyoonekana ndani ya siku moja ni vichache mno.

Tatu ni pumzi. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake. Watu 23 wenye afya walisali rozari kwa Kilatini, na kwa zamu nyingine wakakariri mantra ya yoga, yaani maneno mafupi yanayorudiwarudiwa. Vyote viwili vilishusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta 12 au zaidi. Shinikizo la damu lina mawimbi yake ya asili, hupanda na kushuka kila baada ya sekunde 10 hivi. Pumzi 6 kwa dakika zinaoana na mawimbi hayo, na moyo ukaonekana kuyaitikia vizuri zaidi. Hapakuwa na haja ya kuhesabu pumzi, urefu wa maneno yenyewe ulizipanga. Nikiwaona wazee wetu na rozari mkononi, midomo ikienda taratibu, nayakumbuka matokeo haya kwa heshima.

Watu wa dini walilishika jambo hili zamani. Danieli alikuwa mtumishi wa ngazi ya juu serikalini huko Babeli, mwenye majukumu ya ufalme mabegani, na bado alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, inaagiza katika sura ya 43 kwamba mtawa akisikia ishara ya sala aache mara moja chochote alichokishika mkononi. Haimruhusu amalize kwanza. Wabenediktini walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, kusini mwa Tanzania, waliishi kwa kanuni hiyohiyo huku wakiendesha hospitali, karakana na mitambo ya kuchapa vitabu. Hawa ni mafundi, si watu wa kukaa bure, na kengele iliwakuta na kazi mkononi. Naamini furaha tunayoiulizia imekaa hapo: kuiacha kazi haijaisha, kwa hiari yako, ukarudi ukakuta dunia bado imesimama. Ukilifanya hilo kila siku, hofu ya kwamba kila kitu kinakutegemea wewe inalegea. Waislamu hulitamka waziwazi kila wanapoingia kwenye swala, kwamba Mungu ni mkubwa kuliko vyote. Vyote hivyo ni pamoja na seva.

Lakini je, Leroy hakusema kwamba kazi iliyoachwa nusu hubaki kichwani? Alisema, na kila aliyewahi kuswali huku akisaka kosa la msimbo moyoni anajua ilivyo. Hii ni rakaa ya tatu au ya nne? Udhaifu huo ni wa kibinadamu kiasi kwamba sheria ya swala imeuwekea sijda ya kusahau, yaani kusujudu kwa ziada ili kuirekebisha. Kwa upande wa utafiti, Leroy mwenyewe pamoja na Theresa Glomb walionyesha mwaka 2018 kwamba kuna hatua ndogo inayosaidia: kabla ya kuondoka, andika kwa ufupi umefika wapi na ukirudi utaanzia wapi. Kwa mtengeneza programu ni mstari mmoja tu juu ya msimbo wake: “Nimeishia hapa, angalia tarehe inavyosomwa.” Akili ikiona kazi imewekwa mahali inapoweza kuokotwa tena, huiachia. Ni nusu dakika, na ndiyo inayoamua kama utafika kwenye mswala peke yako au na laptopu kichwani.

Wapo waliolipeleka wazo hili la kujilinda na vishindo mbali zaidi. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, mmoja wa wanasayansi wa kompyuta wanaoheshimiwa kuliko wote na Mlutheri asiyeificha imani yake, aliacha kutumia barua pepe tangu Januari 1, 1990, ili apate saa ndefu za kusoma na kufikiri bila kukatizwa. Mwaka 1999 alitoa mfululizo wa mihadhara katika MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, kuhusu imani na sayansi ya kompyuta. Wengi wetu hatuwezi kuzima barua pepe, mshahara unapitia humohumo. Hata hivyo mfano wake unatuonyesha kwamba utulivu katika kazi hii hauji wenyewe, lazima mtu aujengee ukuta.

Kampuni kubwa nazo zimeiona faida. Google ilianza mwaka 2007 kuwafundisha wafanyakazi wake kutafakari, kozi iliyoasisiwa na mhandisi wake Chade-Meng Tan kutoka Singapore. Siipingi, imewafaa wengi. Ninachokikataa ni kusali ili uandike msimbo mwingi zaidi alasiri. Hapo nia imehama, na mtu bado yuko kazini hata kama amefumba macho. Sala inampa mtu furaha kwa sababu kwa dakika zile hadaiwi matokeo.

Shukrani nayo ina nafasi ya pekee kwetu. Kazi ya kompyuta humfundisha mtu kutafuta kasoro kuanzia asubuhi hadi jioni, na jicho hilo hulibeba hadi nyumbani, likawakagua mke, mume na watoto. Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha mwaka 2003 majaribio ambamo walioorodhesha mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko walioorodhesha kero. Kusema Alhamdulillah au Asante Mungu, ukilitaja jambo lenyewe kwa jina, kunalipatia jicho lile mazoezi mengine.

Kuna saa ambazo haya yote hupata mtihani. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, fedha za watu zinatembea usiku na mchana, na lazima awepo mtu macho. Mfumo ukianguka saa sita na nusu, mgonjwa fulani anashindwa kulipia dawa, na fundi hana budi kubaki. Adhuhuri ina nafasi hadi alasiri iingie, kwa hiyo anaokoa mfumo kisha anaswali. Na nisieleweke vibaya: bosi anayempigia mtu simu kila usiku wa manane ni tatizo la bosi, na kumwambia mfanyakazi azidishe sala ni kumwonea.

Kwa ndugu zetu walioko London jambo lina ugumu mwingine. Desemba, adhuhuri, alasiri na magharibi zote huangukia ndani ya saa za kazi, kwani jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Juni, magharibi husogea hadi baada ya saa tatu usiku. Huko ratiba ya swala inabidi iingizwe kwenye kalenda ya pamoja ya timu, wiki kwa wiki, ili mwenzako asipange kikao juu yake.