Kingamwili zipo, na bakteria naye yupo: vita visivyoisha ndani ya tumbo

Sisi tunaopima vinyama vya tumbo maabara tumelizoea swali hili. Mtu ameshika karatasi ya majibu ya damu, imeandikwa kwamba ana kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi ya Helicobacter pylori (H. pylori), bakteria anayeishi tumboni, naye anauliza: "Daktari, kama mwili umeshatengeneza kingamwili, mbona tumbo bado linawaka? Surua ukiugua mara moja, basi, kinga unayo. Huyu mdudu ana nini?"

Ana mengi. Mwili wa huyo muulizaji umemwona adui, umepiga kelele, umetuma askari, na huenda umepigana naye tangu utotoni. Ila mara nyingi haumwondoi. Na sehemu kubwa ya madhara ya ugonjwa huu hutokana na vita vyenyewe: silaha zinazorushwa mwaka baada ya mwaka bila kummaliza anayelengwa zinaishia kuunguza ukuta wa tumbo.

Tuanzie anapoishi. Mfuko wa chakula una asidi kali inayoua vijidudu vingi tunavyomeza. H. pylori hapendi asidi hiyo zaidi ya wenzake, ila ana kimeng'enya kiitwacho yurease, kinachovunja yurea na kutoa amonia. Amonia hupooza asidi inayomzunguka na kuulegeza ute mzito unaofunika ukuta wa tumbo. Hapo, kwa umbo lake lililopinda na mikia yake michache iliyoota upande mmoja, anapenya kwenye ute na kutulia karibu na seli, mahali ambapo asidi haina makali. Kazi ya kimeng'enya hiki tunaiona kwa macho. Kipande cha nyama kilichotolewa kwa endoskopi, mrija wenye kamera unaoingizwa tumboni, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, tunakiweka kwenye jeli ya manjano yenye yurea. Bakteria akiwepo, jeli hugeuka waridi, mara nyingine kabla mgonjwa hajamaliza kuvaa viatu.

Sasa chukua kipande kingine, kitie rangi, kiweke chini ya hadubini. Juu kabisa kuna ute, kama ukungu mwepesi. Ndani ya ukungu huo, hasa kwenye vishimo vya utando, utaona vijiti vidogo vilivyojipinda, kama alama za mkato zilizomwagika kwenye karatasi. Shuka kidogo, uvuke mstari wa seli za utando, na hapo pamejaa. Kuna nyutrofili, seli nyeupe za damu zinazowahi vitani, zenye kiini kilichokatika vipande, nyingine zimejibana katikati ya seli kama mtu anayejipenyeza mlangoni penye msongamano. Kuna limfosaiti, seli nyingine za kinga, za duara, zimekolea rangi. Kuna seli za plazma, ambazo ndizo kiwanda cha kingamwili. Jeshi lote lipo, lakini liko upande wa pili wa ukuta. Wengi wa bakteria wanaogelea ndani ya ute, nje ya nyama ya mwili. Wachache tu ndio wameshikamana na seli. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba kama hawatakumbuka lolote kuhusu ugonjwa huu, wakumbuke picha hiyo.

Picha kama hiyo ndiyo aliyokuwa akiiona mtaalamu wa patholojia Robin Warren kule Perth, Australia, kabla hajaungana na daktari kijana Barry Marshall. Walijaribu mara nyingi kumwotesha bakteria huyo bila mafanikio, kwa sababu sahani zilitupwa baada ya siku 2 kama desturi ya maabara ilivyokuwa. Sikukuu ya Pasaka ya 1982 sahani zilisahaulika kwa siku 5, na bakteria akaota. Watu hawakuwaamini, hivyo mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao. Baada ya siku chache alianza kichefuchefu na kutapika. Siku ya 10 alichunguzwa kwa endoskopi, na tumbo lililokuwa zima lilikutwa limevimba na kujaa nyutrofili. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kengele ya kwanza hupigwa na seli za utando zenyewe. Aina kali za bakteria huyu zina kifaa kama sindano, ambacho hudunga ndani ya seli protini iitwayo CagA pamoja na vipande vya ukuta wa bakteria. Seli inavitambua vipande hivyo kuwa si vyake na kuachia kemikali ya kuita msaada, hasa interlukini-8. Nyutrofili zinafika kwanza, zinamwaga oksijeni yenye sumu. Bakteria ana vimeng'enya vya kuizima sumu hiyo. Seli za jirani zinajitetea kwa shida zaidi, na kinasaba chao kinaanza kupata mikwaruzo. Makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, nazo hutengeneza gesi ya naitriki oksidi kwa kutumia asidi amino iitwayo ajinini. Bakteria anaila ajinini hiyo kabla, silaha inakosa malighafi. Ukifuatilia jinsi anavyojitetea, ni vigumu kutomheshimu kidogo.

Pia anajua kupunguza kelele zake. Mafuta yaliyo kwenye ganda la bakteria wengi hushtua kinga mara moja. Yake yamebadilishwa kiasi kwamba hayashtui sana. Protini ya mikia yake imepotoka mahali palepale ambapo kipokezi cha kinga hugusa ili kuitambua. Juu ya hayo, aina nyingi hujifunika sukari zinazofanana na zile zilizo kwenye seli za tumbo letu, sawa na mvamizi aliyeshona sare ya wenyeji.

Baada ya hapo huja seli T, aina ya limfosaiti zinazoongoza vita, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Kuna kundi linalochochea mapigano, ambalo wataalamu huliita Th1 na Th17. La kwanza huzipa makrofaji nguvu, la pili huita nyutrofili zaidi. Kuna kundi jingine, seli T za udhibiti, ambalo kazi yake ni kusema "yatosha", kwa kutoa interlukini-10 na kemikali nyingine za kutuliza. Mwili unazihitaji, la sivyo kila vita vingeishia kuchoma nyumba. H. pylori amejifunza kuegemea upande wa watulizaji. Anazielekeza seli zinazofundisha kinga zitoe watulizaji wengi, na sumu yake iitwayo VacA huzuia seli T zisiongezeke.

Matokeo ni mizani isiyotulia. Panya wa maabara walionyimwa interlukini-10 hupata uvimbe mkali sana (yaani utando kuvimba na kujaa seli za kinga, si nundu), na bakteria wao hupungua. Kinga ikiachiwa, basi, ina uwezo wa kumbana bakteria, lakini tumbo ndilo linalolipa. Watulizaji wakizidi, tumbo linapumua na bakteria anakaa. Watoto wengi walioambukizwa wako upande huo: wana watulizaji wengi na uvimbe mdogo. Hao ndio wanaombeba kimya kimya, maana maambukizi mengi hutokea utotoni, ndani ya familia, na bila dawa kwa kawaida hudumu maisha yote.

Hii ndiyo sababu watu wawili wenye bakteria yuleyule hawaugui sawa. Karibu kila aliyeambukizwa ana uvimbe ukimtazama kwa hadubini, lakini wengi hawasikii chochote. Takriban mtu 1 kati ya 10 hupata kidonda wakati fulani maishani, na kati ya watu 100, 1 hadi 3 hupata saratani ya tumbo. Mengi hutegemea uvimbe umekaa wapi. Ukikaa sehemu ya chini ya mfuko, karibu na utumbo, breki inayoizuia gastrini, homoni inayochochea asidi, hulegea, asidi inazidi, na kidonda huota mwanzoni mwa utumbo mdogo. Ukisambaa kwenye mwili wa mfuko, yaani sehemu yake kubwa ya kati, zile seli zinazotengeneza asidi ndizo zinazokufa. Interlukini-1 beta, kemikali nyingine ya uvimbe, nayo hukandamiza asidi kwa nguvu. Utando unakonda, tezi zinapotea, mahali pake panaota seli zinazofanana na za utumbo. Mtu huyo anaweza kufurahi kwamba kiungulia kimeisha, kumbe yuko kwenye njia ambayo kwa baadhi ya watu, baada ya miongo, huishia kwenye saratani. Mwaka 1994 kitengo cha Shirika la Afya Duniani kinachotafiti saratani kilimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Niongeze moja ambalo mimi bado hunishangaza. Tumbo lenye afya halina mitoki ya limfu kama ile ya utumbo. Maambukizi ndiyo yanayoijenga, na mara chache seli B, limfosaiti za aina nyingine, zilizokusanyika humo hugeuka limfoma, yaani saratani ya limfosaiti. Nyingi za limfoma hizi, zikigunduliwa mapema, hunywea kwa kumwondoa bakteria kwa antibiotiki. Saratani inayopungua kwa sababu kinga imekosa mtu wa kupigana naye! Si uvimbe wote sugu unatokana na bakteria, lakini. Kuna ule ambao kinga yenyewe hushambulia seli za asidi pasipo mvamizi wa kuonekana. Huo humaliza uwezo wa mwili kufyonza vitamini B12, na matibabu yake ni tofauti.

Turudi kwa mwenye karatasi. Kingamwili alizonazo ni za kweli, ila zinaonyesha tu kwamba kinga imekutana na bakteria. Hubaki kwenye damu miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kuondoka. Kwa hiyo kipimo cha damu hakifai kumwambia mtu kama amepona, na nimeona watu wakirudia dawa mara 2 au 3 kwa ajili ya kipimo hicho pekee. Kinachojua kama bakteria yupo leo ni kipimo cha pumzi, ambacho humnywesha mtu yurea iliyowekewa alama na kusubiri iwapo kaboni yake itatoka kwenye pumzi, au kipimo cha antijeni, yaani vipande vya bakteria mwenyewe, kwenye choo kikubwa. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazole zisitumike wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4 kabla. Vinginevyo bakteria huwa wachache mno na kipimo hudanganya. Usiziache hizo za asidi bila kumwambia daktari aliyekuandikia, hasa kama umewahi kutoka damu tumboni.

Tiba huchanganya dawa ya asidi na antibiotiki angalau 2, mara nyingi kwa siku 14, na siku hizi huongezwa dawa ya bismathi mahali ambapo usugu wa bakteria dhidi ya antibiotiki ya klarithromaisini umekuwa mkubwa. Nani anahitaji tiba ipi ni uamuzi wa daktari anayekutibu. Mimi naomba moja tu: rudi upimwe tena, si chini ya wiki 4 baada ya dawa ya mwisho.

Na chanjo? Bado haipo sokoni. Nchini China chanjo ya kunywa iliyotengenezwa kwa kipande cha yurease ilijaribiwa kwa watoto, na matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kinga ya takriban asilimia 72 katika mwaka wa kwanza. Ugumu ni uleule: kuifundisha kinga ifike upande wa pili wa ukuta bila kuubomoa ukuta.

Hivi majuzi nilipewa vipande viwili vya mtu mmoja, kimoja cha kabla ya tiba, kingine cha miezi michache baadaye. Kwenye cha pili ute ulikuwa mtupu na nyutrofili zote zilikuwa zimeondoka. Limfosaiti bado zilikuwepo, zimepungua, zimekaa makundi makundi chini ya utando. Huchukua mwaka na zaidi nazo kutawanyika.