Nyumba za mwaloni vijijini Uingereza: saruji ndiyo inayoziozesha

"Ukuta una unyevu, tupige plasta ya saruji." Wenye nyumba za miaka 500 huko Suffolk, Kent na Sussex hawachoki kuirudia kauli hii. Unyevu wenyewe, mara nyingi, umeletwa na saruji iliyopigwa zamani.

Ukuta huo ni fremu ya mwaloni. Kati ya nguzo na nguzo zimesukwa fito, zikakandikwa udongo wenye majani makavu na samadi, juu yake chokaa. Aliyewahi kukandika nyumba ya udongo anaelewa: ukuta hunywa mvua kidogo, upepo ukaukausha. Mwaloni nao hautulii, husinyaa na kuvimba kwa majira. Saruji ni ngumu, haiwezi kucheza nao. Hupasuka ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa mbao. Maji huingia hapo na hayapati pa kutokea. Huteremka hadi gogo la chini, lile linalobeba nguzo zote. Gonga plasta kwa vidole: ikilia tupu, imeshaachana na udongo. Kisha choma gogo kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, msihangaike na dawa za unyevu, tafuteni seremala.

Ibanduliwe saruji yote, ukuta uachwe ukauke, chokaa irudi: chokaa ya kulowekwa sehemu 1, mchanga wa chembe kali sehemu 3, na nywele za mbuzi za kuishikilia. Kila safu iwe milimita 10 hivi, inyunyiziwe maji na kufunikwa magunia isikauke kwa pupa. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 5, ahirisheni. Maji yakiganda ndani, plasta itamomonyoka. Fundi akitaka kuongeza "saruji kidogo tu ishike haraka", mpeni nauli arudi kwao.

Eti mbao zilitoka kwenye meli kuukuu? Hadithi tamu. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, na mbao iliyopinda ilitoka kwenye mti uliopinda. Tundu tupu kwenye boriti si dalili ya meli, huonyesha tu kwamba kiungo kimoja kiliondolewa, au boriti ilitoka nyumba nyingine. Tazameni namba za Kirumi kwenye viungo: seremala aliunga fremu chini kwanza, akaitia alama, ndipo akaisimamisha.

Rangi nyeusi kwenye mbao na nyeupe kwenye kuta? Nyingi ni mtindo wa karne ya 19.

Wengine hudhani ghorofa ilikuwepo tangu mwanzo. Pandeni darini: kenchi zenye masizi zinasema chini palikuwa na ukumbi mmoja wenye moto katikati, bila dohani. Msiyasugue, huo ni ushahidi.

Wala jina lisiwadanganye. Clergy House ya Alfriston, kijiji cha Sussex, jengo la kwanza kununuliwa na National Trust, shirika la Uingereza la kuhifadhi majengo na maeneo ya kale, mwaka 1896 kwa pauni 10, huitwa nyumba ya makasisi, lakini iliwahi pia kugawanywa ikawa makazi ya vibarua. Sakafu ya ukumbi wake ni chaki iliyoshindiliwa na kuzibwa kwa maziwa yaliyoganda. Anayetaka kumwaga zege juu ya sakafu ya aina hiyo arudi kule kwenye gogo na bisibisi.