Ukitaka kuwasaidia wanaofunga mwamba

Watu wenye nia njema huniuliza wavisaidieje vikundi vya uhifadhi huku pwani ya Tanga. Wengi wanakuja wameshaamua: fulana, bango, miche ya mikoko, na uzinduzi wenye mgeni rasmi. Kazi yangu ni kukaa na BMU, yaani vikundi vya wavuvi vinavyolinda rasilimali za bahari, na jibu langu huwa halipendezi kwenye picha. Leteni mzani. Mlipieni katibu nauli ya kwenda halmashauri.

Chukua suala la kufunga mwamba kwa ajili ya pweza. Kijiji kinakubaliana kwamba kipande fulani hakitaguswa, mara nyingi kwa miezi mitatu, kisha kinafunguliwa wakati wa bamvu, maji yanapokupwa kabisa. Linalofanya mpango huu uwezekane ni pweza mwenyewe. Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na ushei, na akiwa bado mdogo uzito wake unaweza kuwa maradufu ndani ya mwezi hivi. Jike akitaga, huyaning'iniza mayai kwenye dari ya shimo lake, akakaa hapo akiyapulizia maji, hali kitu. Yakianguliwa, naye anakufa. Ukimchokoa wakati huo umeondoka na kizazi kizima. Kanuni za Uvuvi za 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, ni kweli, lakini mchokoaji anaujua uzito akishamtoa shimoni, na akishamtoa keshamuua. Ndiyo maana kumwacha akue kwanza kuna maana kuliko kumpima baadaye.

Sasa, anayeibeba hiyo miezi mitatu ni nani? Mwenye chombo akifungiwa mwamba huu anakwenda ule. Mama anayekwenda kwa miguu na kijiti na ndoo yake hana pa kwenda. Mara nyingi uliofungwa ndio huohuo aliokuwa akiufikia. Mmoja alisimama mkutanoni akaniuliza: "Mwanangu, bahari mmeifunga, na tumbo nalo mtalifunga?" Watu walicheka, ila hilo lilikuwa swali la bajeti, tena ndilo la kwanza ambalo mfadhili angepaswa kuuliza. Mwamba wa kufunga wauchague hao akina mama, na wabakishiwe mwingine wa karibu. La sivyo watakopa kwa tajiri anayenunua pweza, na siku ya kufungua mzigo utakuwa wake kabla haujatoka majini.

Njia nyingine za kukopa zipo: kuna kikoba, kuna pia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haipatikani kwa maneno. Inataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki, mihtasari. Hapo ndipo nauli ya katibu inapozaa kuliko fulana arobaini. Makaratasi hayohayo yanahitajika kwa ulinzi wenyewe: makubaliano ya kijiji yanapata meno yakiwa sheria ndogo, yamepita mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri. Na kwa vijiji vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (yenye jina la samaki wa kale), iliyoanzishwa 2009, watu wa hifadhi washirikishwe tangu mwanzo, si siku ya kukata utepe.

Siku ya kufungua ndiyo inayoviua vikundi vingi. Habari imeenea, wageni wamefika na mitumbwi, pweza ni tele, na wachuuzi wanaojua hivyo wanashusha bei papo hapo. Kikundi chenye mzani wake na bei iliyokubaliwa na wanunuzi wawili au watatu wiki moja kabla hakiyumbi. Daftari langu pendwa lina safu nne tu: jina, kilo, bei, mchango. Huo mchango, kiasi kidogo kwa kila kilo, unakatwa palepale mzanini mbele ya watu wote. Ukikatwa nyumbani kwa mweka hazina, maneno hayatakwisha.

Mafuta ya boti ya doria nawaomba wafadhili wayatazame kwa uangalifu. Ukiyalipia yote, siku utakayoondoka boti inabaki ufukweni na mwamba uko wazi. Lipia msimu wa kwanza, labda nusu ya wa pili, halafu mchango wa kilo ushike zamu. Kikundi kikishindwa hapo, afadhali kifunge kipande kidogo kinachoonekana kwa macho kutoka nchi kavu. Wazee wakikaa kivulini wanakilinda bure.

Na ukipanga kuja kuzungumza nao, uliza kalenda ya mwezi kwanza. Njoo maji mafu, yanapokupwa kidogo tu. Bamvu likiwa limeshika, akina mama wako mwambani, na mkutano utaufanya na wenyeviti peke yao.