Programu ya duka imegoma kwenye laptop mpya? Ile kompyuta ya zamani usiigawe kwanza

Juzi mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara kaniletea laptop mpya ya Windows 11 na flashi. Kwenye flashi kuna setapu ya programu yake ya stoo, anaitumia toka enzi za Windows XP, ile Windows ya zamani, bati, misumari, saruji, madeni ya watu kuanzia Mikindani mpaka Nanyamba, yote yamo humo. "Kijana wangu, nimeuziwa kimeo." Kisa kila akibofya setapu anaambiwa haiwezi kufunguka kwenye kompyuta hii.

Laptop ni nzima mzee wangu, haina ubovu. Windows 11 ipo ya biti 64 tu (biti ni kiasi cha data ambacho programu inashika kwa mkupuo; 16 ni za kale, zikafuata 32, halafu 64), na Windows ya biti 64 haifungui kabisa programu ya biti 16. Wengi hapo wanakimbilia raiti-kliki, propatizi, kampatibiliti (sehemu ya kuiambia Windows ijifanye ya zamani), wanachagua XP halafu wanasubiri muujiza. Inasaidia kwa vitu vidogo vidogo, ila kwa biti 16 unajichosha bure.

Sasa swali, biti 16 ni programu yenyewe au setapu tu? Maana miaka ya tisini programu nyingi zilikuwa za biti 32 ila setapu yake ya biti 16, kwa hiyo kinachogoma ni mlango, nyumba haina tatizo. Nikamwambia alete ile kompyuta ya zamani, kumbe kashampa mjukuu achezee gemu, bahati yake hawajaifomati. Nikaiwasha, nikafungua programu, nikachungulia Taski Meneja, ile orodha ya vinavyofanya kazi kwenye kompyuta: ntvdm.exe, kile kinachobeba programu za biti 16, haipo. Ingekuwepo ningejua ni biti 16 kweli na hapo ningehamia kwenye DOSBox au VirtualBox yenye Windows ya zamani, yaani kuigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya, kazi nyingine kabisa hiyo.

Basi programu ni ya biti 32, setapu nikaachana nayo, nikakopi folda zima kama lilivyo nikaliweka C:\Duka. Siyo Program Files, folda la kawaida la programu, jamani! Toka Vista, programu za zamani zikiandika humo Windows inazihamishia data kimyakimya kwenye folda iliyofichwa, VirtualStore, siku unachukua bakapu unakuta hesabu za mwaka juzi.

Kufungua, ikalalamika COMCTL32.OCX, faili la msaada inalolitegemea, haipo. Hili faili kwenye XP linakaa System32, ila kwenye laptop mpya linaenda SysWOW64. Ndiyo, ya 32 inakaa kwenye folda lenye 64 na ya 64 inakaa kwenye lenye 32, aliyepanga hivyo anajua mwenyewe. Nikaliweka, nikafungua komandi promti kama admini, nikaingia humohumo SysWOW64, nikaandika regsvr32 COMCTL32.OCX ili Windows ilisajili, enta. Programu hiyo, ikafunguka na rangi zake za kijivu.

Mzee kafurahi dakika mbili tu. "Mbona umenisogezea madeni?" Deni la tarehe 5 Novemba linaonekana 11/5, yeye anasoma Mei. Laptop ilikuja na mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku, na programu inafuata inachoambiwa na Windows. Nikaenda kwenye rijoni, sehemu ya Windows ya kupanga nchi na tarehe, nikabadilisha, madeni yakarudi kwao.

Ile ya zamani nimemwambia aifungie kwenye boksi mpaka msimu wa korosho upite, maana huko ndo watu wanalipa na ndo tutajua kama hesabu zinakubali. Mjukuu kanuna mpaka leo.