Nguruwe-mwitu yupi? Namna bustani za wanyama zinavyoandika nguruwe

Mkulima wa Morogoro akilalamika kwamba nguruwe-mwitu wamefukua mihogo yake usiku, anamzungumzia Potamochoerus larvatus. Mwandishi anayesimulia misitu ya Ulaya naye husema nguruwe-mwitu, ila yeye anamaanisha Sus scrofa, mzazi wa nguruwe tunaowafuga. Jina moja, wanyama wawili ambao hata jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, hawachangii. Kwa hiyo katika bustani ya wanyama, kadi ya kumbukumbu za mnyama huanza na jina la kisayansi.

Watoto wao ndio hupoteza watu zaidi. Wote wawili huzaliwa na mistari ya rangi hafifu mgongoni, ikafutika wanapokua. Mtoto wa ngiri hana mistari hiyo.

Baada ya jina, kila nguruwe hupewa namba yake, huvishwa hereni sikioni au kuwekewa chipu chini ya ngozi, kisha huandikwa baba, mama, tarehe na alikotoka. Ukikuta kundi limeandikwa 2.3.1, soma hivi: madume 2, majike 3, na 1 ambaye jinsia yake haijajulikana. Bustani nyingi duniani huingiza taarifa hizo katika ZIMS, mfumo wa shirika la Species360.

Shida kubwa iko kwa nguruwe wa kufugwa. Mwanasayansi Linnaeus alitoa jina Sus scrofa mwaka 1758, na mwenzake Erxleben akaongeza domesticus, yaani wa kufugwa, mwaka 1777. Wapo wanaoandika Sus domesticus, wapo wanaoandika Sus scrofa domesticus. Lolote kati ya hayo nalikubali, mradi neno domesticus lisiachwe. Wa mwituni na wa kufugwa hupandana, na watoto wao huzaa bila shida. Wa mwituni wengi wa Ulaya magharibi wana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 36, wa kufugwa 38, chotara wa kwanza 37. Lakini wajukuu wanaweza kurudi kwenye 36 au 38, wakapita kwenye kipimo cha kuhesabu kromosomu kana kwamba ukoo haujachanganyika. Hapo kinachobaki ni kile alichoandika mtunza kumbukumbu siku bibi yao alipopandwa.

Daktari wa wanyama naye huitegemea kadi hiyo. Ngiri huweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, asionyeshe dalili yoyote. Papasi wa kwenye mashimo yake huvieneza, na nguruwe wa kufugwa akiambukizwa mara nyingi hufa ndani ya siku chache. Kabla banda la ngiri halijapewa nguruwe wa kufugwa, daktari huuliza kwanza nani alilala humo.