Zijue amri za chomboni na maneno ya mkataba kabla ya kupanda meli ya kitalii

Malalamiko ya vijana wetu wanaofanya kazi kwenye meli za kitalii yameongezeka, na mengi yana mzizi mmoja: mtu alisaini karatasi asiyoielewa, au aliamriwa jambo kwa maneno asiyoyajua akaona aibu kuuliza. Wengi wao ni wapishi, wahudumu wa vyumba na wa mezani waliosomea hoteli hapa Dar es Salaam. Kazi wanaijua vizuri. Lugha ya chomboni ndiyo hawakufundishwa, na huko hakuna anayekusubiri ujifunze taratibu.

Kwanza iondoke dhana kwamba mhudumu si baharia. Tumeshaieleza sana na bado tunaisikia: "Mimi niko upande wa hoteli, mambo ya ubaharia hayanihusu." Yanakuhusu. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, maarufu kwa kifupi cha MLC, ulianza kutumika Agosti 2013 na Tanzania iliuridhia mwaka 2019. Huo unamtambua baharia kuwa ni mtu yeyote aliyeajiriwa au anayefanya kazi melini kwa wadhifa wowote. Anayekaanga samaki ni baharia. Anayefua mashuka ni baharia. Kwa hiyo una haki za baharia, na unabeba wajibu wa baharia siku ambayo meli inapata ajali. Ndiyo sababu kampuni nyingi hudai uwe na mafunzo ya msingi ya usalama ya STCW (mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia), yale yanayotolewa na Chuo cha Bahari Dar es Salaam: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama binafsi kazini. Stadi za kujiokoa na kuzima moto lazima zihuishwe kila baada ya miaka 5. Cheti cha afya cha baharia huisha ndani ya miaka 2. Angalia tarehe kabla hujakatiwa tiketi.

Sasa maneno. Kwa wazee wetu wa pwani hayana ugeni: mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na chini kabisa ni ngama, ndiyo maana husemwa kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwenye meli za kitalii utaamriwa kwa Kiingereza. Omo utasikia ikiitwa fowadi na tezi ikiitwa afti. Ubavu wa kushoto ni poti na wa kulia ni staabodi, kwa mtu aliyesimama akitazama omo. Hapo kwenye "akitazama omo" ndipo watu wanapoteleza. Ukigeuka wewe, poti haigeuki. Ukitembea kuelekea tezi, poti iko mkono wako wa kulia. Usiku taa ya poti ni nyekundu na ya staabodi ni ya kijani.

Chukua mhudumu aliyemkuta mzee ameanguka kwenye korido ya sitaha ya 7. Anapiga simu ya dharura na kusema: "Abiria ameanguka upande wa kulia, karibu na ngazi." Kulia kwa nani? Na ngazi ipi, wakati meli ina ngazi kuu kadhaa na korido mbili ndefu zenye zulia na milango ya aina moja pande zote? Waganga watakimbilia korido ya pili huku moyo wa mzee umesimama. Taarifa iliyokamilika ina mambo manne: sitaha, eneo la moto, upande, na namba ya chumba kilicho karibu. Eneo la moto maana yake ni kipande cha meli kilichotengwa na kuta zinazohimili moto kuanzia chini hadi juu. Kila kipande kina namba yake. Namba za vyumba nazo husaidia, kwa kuwa kampuni nyingi huweka namba shufwa ubavu mmoja na witiri ubavu mwingine. Upande upi una zipi hutofautiana, kwa hiyo uliza siku ya kwanza.

Mlio wa dharura kuu ni mifupi saba au zaidi ikifuatiwa na mmoja mrefu. Ukiusikia unakwenda kwenye kituo chako cha kukusanyikia, kinachoitwa masta, ukiwa na jaketi lako la kujiokolea. Wafanyakazi wana majukumu tofauti na ya abiria, na yako yameandikwa kwenye kadi yenye namba utakayokabidhiwa unapopanda. Namba hiyo uikariri kama namba yako ya simu. Kabla ya mlio huo mara nyingi hutangazwa neno la siri ili abiria wasitaharuki: kwenye meli nyingi Bravo ni moto, Alfa ni mgonjwa mahututi, Oska ni mtu ameanguka baharini. Hilo la Oska linatokana na bendera ya herufi O katika ishara za kimataifa za bahari. Mengine hubadilika kutoka kampuni moja hadi nyingine, na aliyehama kampuni akadhani maneno ni yale yale anaweza kukimbilia ndoo wakati kinachotakiwa ni machela.

Wapo wanaoona mazoezi haya yanawapotezea muda wa kulala. Januari 13, 2012 meli ya Costa Concordia iligonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 wakafa. Abiria waliopanda Civitavecchia jioni hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi, kwa sababu kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Tangu Januari 1, 2015 lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Anayemwelekeza abiria pa kwenda ni wewe, mhudumu, kwa kuwa nahodha hawezi kusimama kwenye kila ngazi.

Jambo moja zaidi la usalama, kwa wanaoteremka sitaha za chini: milango isiyopitisha maji. Inasukumwa na mashine na haisimami ikikukuta katikati. Usipite kabla haijafunguka yote, na usipite kabisa ikiwa inajifunga, hata kama mwenzako amepita. Mabaharia wamekufa hivyo.

Tuje kwenye mkataba wa ajira, ambako matatizo ni mengi zaidi. Kijana mmoja wa Mbagala aliwahi kutuwekea mkataba wake mezani, kidole kikiwa juu ya neno gratuiti, akidai kampuni imemdhulumu kiinua mgongo chake. Hapa nchini neno hilo tumelizoea kwa maana hiyo, hasa kwa watumishi wa mikataba. Kwenye mkataba wake lilikuwa bakshishi ya abiria, na lilikuwa sehemu kubwa ya mapato aliyoahidiwa. Mshahara wa msingi ulikuwa mdogo kuliko alivyomweleza mama yake. Hakudhulumiwa, ila angejua angejadiliana, au angekataa. Kwa hiyo soma mistari hii mitatu kila mmoja peke yake: mshahara wa msingi, malipo ya saa za ziada, na bakshishi. Uliza ni upi umehakikishwa na ni upi unategemea abiria. MLC inataka upewe nafasi ya kuusoma mkataba na kuomba ushauri kabla ya kusaini, kisha ubaki na nakala yako. Kusaini ukiwa na begi mgongoni kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa Julius Nyerere si nafasi ya kuusoma.

Kila mwezi lazima ulipwe na upewe hesabu ya mshahara inayoonyesha makato, na kiwango cha kubadilisha fedha ikiwa unalipwa kwa sarafu tofauti na mliyokubaliana. Mapumziko yasipungue saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Saa hizo 10 zinaweza kugawanywa vipande viwili tu, na kimoja kiwe cha saa 6 au zaidi mfululizo. Hukumbushwa kusaini daftari la mapumziko. Tunawaomba sana msisaini saa ambazo hamkupumzika. Mkaguzi wa bandari akipanda huangalia daftari hilo, na saini yako mwenyewe ndiyo itakayokukana.

Ada nazo. Wakala wa ajira haruhusiwi kukutoza fedha ili akupatie kazi melini, awe amekuita ofisini Kariakoo au amekuandikia kwenye simu. Unachoweza kulipia ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, pasipoti na hati nyingine kama hizo za safari. Viza ni gharama ya mwenye meli. Ada ya mafunzo inalipwa chuoni. Malipo ya Serikali yanakwenda kwa kumbukumbu namba, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Hili tunalirudia kila mwaka na kila mwaka kuna familia imeuza kiwanja kumpa mtu asiye na leseni. Uliza Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, kama wakala huyo anatambuliwa, halafu ndipo utoe vyeti vyako.

Kuhusu adhabu, kampuni nyingi huenda kwa hatua: onyo la mdomo, onyo la maandishi, kisha kuteremshwa melini. Kukosa zoezi la dharura kunaweza kukuandikia onyo. Ulevi hauna hatua hizo. Kiwango cha juu kilichowekwa na STCW kwa walio kwenye majukumu ya usalama ni asilimia 0.05 ya kilevi katika damu, na kampuni nyingine ni kali zaidi. Upimaji unaweza kufanyika saa yoyote. Kuficha ugonjwa wa kuhara ukiwa jikoni pia ni kosa kubwa. Kwenye meli zinazokaguliwa na idara ya afya ya Marekani, mfanyakazi wa chakula hukaa kando hadi saa 48 zipite tangu dalili ziishe, na meli ikipata alama 85 au pungufu kati ya 100 imefeli ukaguzi. Ukiteremshwa kwa kosa kubwa, nauli ya kurudi nyumbani inaweza kukatwa kwako. Ukimaliza mkataba salama, au ukiugua, nauli ni ya mwenye meli.

Ukionewa, kila meli inayofuata MLC ina utaratibu wa malalamiko, na nakala yake unapaswa kukabidhiwa pamoja na mkataba. Unaanza kwa mkuu wako wa idara, lakini una haki ya kwenda moja kwa moja kwa nahodha, na hairuhusiwi kuadhibiwa kwa kulalamika. Ikishindikana, mkaguzi wa bandari mnayotia nanga anaweza kukusikiliza.

Kabla ya kuondoka, acha nyumbani nakala ya mkataba, jina la meli, bendera yake (yaani nchi iliposajiliwa) na namba yake ya IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, ambayo ina tarakimu 7 na haibadiliki hata meli ikiuzwa au ikibadilishwa jina. Mzazi anapotupigia simu na kusema mwanawe yuko kwenye meli kubwa nyeupe huko Marekani, hatuna pa kuanzia. Akitutajia tarakimu hizo saba, kazi inaanza siku hiyo hiyo.